Picha ya Theluji Aliyokupa Gunvor

Rågsved, jioni, kabla hujarudi

Riziki mwanangu,

Umetoka sasa hivi kwenda kuwaaga wenzako, na umesema utarudi saa tatu usiku. Sasa ni saa kumi tu ya jioni, lakini kwa majira haya ya baridi nje giza limeshashika, na masanduku yako mawili yamesimama ukumbini kama wageni wasiojua wakae wapi. Nimewasha redio, nikaizima. Nimepika wali, nikala vijiko viwili. Nyumba hii ya vyumba viwili imetubana miaka yote hii, tukigombania kioo na bafu, na leo naiona pana mpaka inanitisha.

Sitakuandikia habari za soksi za sufu. Wala za kula mboga, wala za kupiga simu kila Jumapili. Hayo nimekuambia kwa mdomo mpaka ukaanza kuyamalizia mwenyewe ukiiga sauti yangu, na kusema kweli unaiga vizuri mno, hata nakasirika huku nacheka. Umeå, huko kaskazini uendako kusoma, kuna baridi na wewe una akili, mtaelewana. Lililobaki ni lile ambalo mdomo wangu umelishindwa. Nimejaribu mara nne tangu Jumatatu. Mara ya mwisho ulikuwa unakunja mashuka, nikapiga moyo konde, nikafungua kinywa, na kilichotoka kilikuwa swali la chaja ya simu.

Kilichonisukuma ni blanketi la Mama Neema, mwenzangu wa maombi. Uliona mwenyewe Jumamosi alivyopanda ngazi na magoti yake yale, kwa sababu lifti imeharibika tena, amekubebea blanketi alilofuma kwa mikono yake. Akakuwekea mapajani. Nawe ukamwuliza, tena kwa heshima zote, "Mama Neema, una hakika? Hutalitaka tena baadaye?"

Akacheka, akadhani ni adabu. "Weye mutoto! Ni ya kwako. Nilifuma miezi ine nikikuwaza weye."

Ulimshukuru, ukalikunja, ukaliweka pembeni mwa kochi. Jumapili nililikuta hapo hapo. Leo masanduku yamefungwa na blanketi bado liko kwenye kochi.

Siku ya ubatizo wako, ukiwa tayari msichana mkubwa, ilikuwa hivyo hivyo. Binamu yangu alisafiri kutoka Norwe, akakuvika mkufu, na kabla wageni hawajaondoka ulikuwa umeshauvua na kumrudishia. "Chukua sasa," ulimwambia, "usije ukasumbuka kuuomba." Alilia bafuni, mimi nikambembeleza kwa kumwambia ndivyo walivyo watoto wa huku. Si kweli. Watoto wa huku hupokea zawadi na kuchana karatasi zake kama watoto wa popote. Ni wewe tu usiyepokea kitu, na najua aliyekufundisha hivyo. Ni mimi. Nilikufundisha kwa uongo mmoja, ulipokuwa na miaka tisa.

Unamkumbuka Gunvor. Najua unamkumbuka kwa sababu kwa miaka yote hii hujapata kulitaja jina lake.

Nilikuwa mgeni bado katika kazi ya kuhudumia wazee majumbani. Gunvor alikaa Bandhagen, vituo viwili tu kutoka kwetu, peke yake, hakuwa na mtoto, na mumewe alikuwa amekufa zamani. Nilikuwa na dakika arobaini kwake kila asubuhi: dawa, uji, na zile soksi za kubana miguu ambazo kuzivalisha ni mieleka. Shule zilipofungwa wiki ile ya Februari sikuwa na mtu wa kukuachia. Kwenda kazini na mtoto kulikatazwa. Basi nikaona nimepata ujanja: nilikukalisha kwenye ngazi, nje ya mlango wake, na kitabu na ndizi mbili, nikakuambia usitoe hata pumzi. Gunvor alikuwa na sikio moja bovu, lakini lile lingine lilifanya kazi ya mawili. "Kuna mtu anaimba kwenye ngazi zangu," alisema. Ikabidi nifungue.

Ukaingia, ukavua viatu, ukasimama mbele ya picha iliyokuwa karibu na mlango wa jikoni, na kuanzia hapo hatukuwepo tena, mimi wala Gunvor.

Mumewe alikuwa fundi wa injini katika meli za mizigo, na aliinunua katika bandari ya Kobe angali kijana. Ilikuwa ya Kijapani, ya zile zinazopigwa chapa kwa mbao: fundi anachonga ubao mmoja kwa kila rangi, kisha karatasi inakandamizwa juu ya ubao mmoja baada ya mwingine. Ilionyesha hekalu dogo la dini yao ya kale, ndani ya msitu, siku ya theluji. Paa limelemewa na weupe. Mbele kuna ngazi za mawe, na mwanzo wa ngazi lile lango lao jekundu lisilo na milango, nguzo mbili na boriti mbili juu. Na mtu mmoja tu, mwanamke mwenye mwavuli, ametupa mgongo. Uliniuliza kwa Kiswidi kama anakwenda au anarudi nyumbani. Nikakujibu sijui, na nikakuambia usiguse kioo.

Siku ya tatu ulipanda kiti na kubandika pua pale pale kwenye kioo nilichokukataza, kisha ukapiga ukelele. "Det finns ingen snö!" Hakuna theluji! Ukaja unanivuta mkono, mimi niko magotini napigana na soksi. "Hawajaichora, mama. Ni karatasi tu. Wamechora vitu vingine vyote, theluji wameiacha."

Gunvor, mguu mmoja una soksi na mwingine hauna, akapiga makofi kama mtu aliye uwanja wa mpira. Alituambia kwamba mumewe aliitazama picha ile maisha yake yote na hakuliona jambo hilo, na yeye mwenyewe aliambiwa na mwuza vitabu. Kila palipo na theluji, fundi alikuwa ameuchimba ubao ili rangi isifike, na karatasi ikabaki ilivyozaliwa. Wewe uligundua kwa macho yako, una miaka minane. Nilichelewa kwa mzee aliyefuata, nikasemwa, na sikujali. Nilijivunia. Sidhani kama nilikuambia siku ile kwamba nilijivunia.

Baada ya hapo ulikwenda kila likizo, na hata Jumamosi nyingine ambazo sikuwa kazini. Mlikuwa mnacheza karata na kutukanana kwa matusi ya kibaharia aliyoyaacha marehemu. Vuli iliyofuata Gunvor alihamishiwa nyumba ya wazee, chumba kimoja, na siku ya kufungasha alikupa picha. Nilikataa. Nilimwambia kanuni zetu haziruhusu kupokea hata boksi la chokoleti.

"Sikupi wewe," alisema. "Nampa Riziki. Riziki hakuajiriwa na manispaa."

Ulirudi nayo kwenye treni umeikumbatia ndani ya taulo, na viti vilikuwa vitupu lakini ulikataa kukaa. Tukaitundika juu ya kitanda chako kwa msumari wake mwenyewe, maana msumari nao alikupa, mzito, wa shaba.

Sasa naja kwenye lile lenyewe. Miezi ile baba yako alikuwa Bujumbura, anasubiri. Nilikuwa nimeomba aruhusiwe kuja kuishi nasi, na nilikuwa nafunga Jumatano na Ijumaa, na kila Jumamosi akina mama wa maombi walikuja hapa sebuleni kuniunga mkono. Makoti yao tulikuwa tunayatupa kitandani kwako. Jumamosi moja Mama Neema aliingia kuchukua koti lake, akakawia, kisha akaniita.

"Hii picha iko ya nini, Mama Riziki?"

"Theluji tu."

"Theluji minaiona. Hii mulango mwekundu njo minauliza."

Nikamweleza kama Gunvor alivyonieleza, kwamba ni hekalu la miungu ya Wajapani. Wenzake wakaja kusimama mlangoni. Hakuna aliyenigombeza. Nataka ujue hivyo, kwa sababu kwa miaka mingi nilijaribu kuwatupia wao. Mama Neema alivaa koti lake, akafunga vifungo vyote, ndipo akasema, kwa upole, "Siye tunaomba mulango ufunguke juu ya bwana yako, na weye uko na mulango ingine ku ukuta ya mutoto. Fikiri tu, mama."

Nikafikiri. Nilifikiri wiki mbili, na katika wiki hizo nilikuwa sigeuzi macho upande wa kitanda chako. Alhamisi moja barua ikaja. Niliisoma kwenye ngazi, mkoba ungali begani. Ombi la baba yako lilikuwa limekataliwa. Nilikaa pale mpaka taa ya ngazi ikajizima yenyewe, nikanyanyuka kuiwasha, ikajizima tena. Nilikuwa na hofu, Riziki. Siyo hofu ya Mungu, usidanganyike, wala ya miungu ya mtu yeyote. Nilikuwa na hofu ya kuzeeka peke yangu katika nchi hii, na hofu hiyo ilitaka kitu kidogo cha kuadhibu, kilicho karibu, kisichoweza kujibu.

Nikaingia chumbani kwako nikaitungua. Vitu vya miungu ya kigeni, nilivyofundishwa, huchomwa moto, lakini utachomea wapi hapa juu, na king'ora cha moshi kiko darini? Basi nikateremka nayo kwenye chumba cha takataka. Na hapo, mwanangu, ucheke kama unaweza: niliitenganisha. Nilikuwa nimejifunza nchi hii vizuri. Fremu nikaiweka penye mbao, kioo nikakiweka penye vioo, kila kitu kwenye pipa lake, nisije nikasemwa na mwenye nyumba.

Ikabaki karatasi. Nilipoigeuza nikaona mgongoni mwandiko wa penseli. Kiswidi changu wakati ule kilikuwa bado cha kuchechemea, nikasoma mara tatu ili nisikosee. Gunvor alikuwa ameandika hivi: "Hii ni ya Riziki, aliyeona mwenyewe kwamba theluji haikuchorwa."

Nilielewa kila neno. Hiyo ndiyo sehemu nisiyoweza kuisema mbele yako. Kama ningeitupa bila kusoma ningekuwa mjinga tu, na ujinga unasameheka. Nilisoma, nikaelewa, nikaiweka juu ya magazeti ya zamani, na kwa kuwa yule mwanamke wa mwavuli alikuwa bado anaonekana, nikachukua karatasi ya matangazo ya nyama nikamfunika.

Ulirudi kutoka shule. Uliona ukuta kabla hujavua koti. Ukaniuliza picha iko wapi, na mimi, ambaye siku zote nakusema kwa sababu ya kunijibu kwa Kiswidi, nikakujibu kwa Kiswidi, labda nikidhani kwa lugha ya wenyewe dhambi itakuwa yao. Nikasema Gunvor ameitaka irudi.

"Kwa nini?"

"Wazee hubadili mawazo."

Hukulia. Ningejua la kufanya kama ungelia. Ulipanda kitandani, ukaung'ang'ania ule msumari kwa vidole mpaka ukatoka na vumbi lake, ukauweka mkononi mwangu. "Basi mpelekee na huu," ulisema.

Nilikuwa na nafasi pale, msumari ungali na joto la mkono wako. Niliutia mfukoni, nikaenda jikoni.

Jinsi baba yako alivyokataliwa mara ya pili mwaka uliofuata, na jinsi alivyochoka na kuoa Bujumbura, unajua. Picha haikuwa na mkono katika hilo, wala kuitupa hakukufungua chochote. Nililijua hilo mapema sana, pengine wiki ile ile. Na bado sikukuambia, kwa sababu kufikia hapo jambo lenyewe halikuwa tena picha. Lilikuwa ni wewe kunijua.

Mimi niliendelea kwenda kwa Gunvor, kila baada ya wiki mbili tatu, nikitoka kanisani. Ulidhani niko kwa Mama Neema. Kila mara jambo la kwanza alilouliza lilikuwa "Flickan?", msichana je? Nikasema shule. Nikasema mafua. Nikasema ana mtihani, na wewe una miaka kumi tu! Mwanzoni, kabla sijaanza kukuficha safari hizo, nilikuambia anakuulizia, ukaniambia hutaki kumwona mtu mwongo, na nikakubali tu. Kadi yake ya Krismasi uliitia pipani haijafunguliwa, na nilikuwa nimesimama hapo hapo nasonga ugali.

Aliniuliza waziwazi mara moja tu. Alikuwa amekonda, sauti imebaki nusu. "Nilimkosea nini?"

"Hakuna," nilisema. "Ana masomo mengi."

"Ndiyo," akasema. "Watoto hukua." Akageukia dirishani, na hakuuliza tena, siku ile wala siku nyingine.

Sentensi moja tu ingetosha, Riziki. Nilikuwa nayo mdomoni. Niliogopa kwamba nikimwambia yeye atakuambia wewe. Basi nikamwacha mwanamke mzima afe akidhani mtoto aliyempenda alimchoka, na nikakuacha wewe ukue ukidhani aliyekupenda alikunyang'anya. Nilikwenda kumzika. Tulikuwa saba, mimi na wafanyakazi wawili na majirani wa Bandhagen. Nilikuambia nina zamu ya ziada. Amelazwa kwenye makaburi ya Skogskyrkogården, upande ule usio na mawe ya majina, ila mimi najua ni karibu na mti gani.

Mwaka jana niliingia duka moja la vitabu mjini, nikaomba nionyeshwe vitabu vya picha za Kijapani. Sijui nilitaka nini, labda nilitumaini kuipata nyingine kama ile nikuwekee ukutani bila kusema neno, yaani uongo wa pili kuufuta wa kwanza. Mahekalu katika theluji yalikuwa mengi, sikujua kuwa ni mengi hivyo. Nilifunua ukurasa baada ya ukurasa. Malango mekundu, ngazi, miavuli. Yetu haikuwemo. Katika moja mwenye mwavuli alikuwa ameelekea kwetu, uso wazi, nikafunga kitabu na kutoka nje bila hata kuaga.

Nilichojifunza ni kidogo, na nimekilipia ghali, kwa hiyo nakupa kilivyo. Nilikuwa nadhani jambo ukilinyamazia linakonda lenyewe mpaka linaisha. Hili halikukonda. Lilikua pamoja na wewe, likavaa viatu vya namba yako. Kila ulipomrudishia mtu zawadi yake nilikuwa namwona msichana wa miaka tisa akining'olea msumari, na kila mara nilijiambia mwaka huu, akimaliza darasa hili, akipona homa hii. Sasa umemaliza madarasa yote.

Sikuombi unisamehe kabla ya treni ya saa mbili asubuhi. Nataka tu uondoke hapa ukijua ilivyokuwa. Gunvor hakubadili mawazo. Alikupa kitu kwa moyo wake wote, akaandika sababu kwa mkono wake, na mpaka anafumba macho hakutaka kirudi. Aliyekunyang'anya ni mimi, mama yako, ambaye pia ananunua mkate unaoupenda na kukesha ukiumwa, na wote wawili ni mtu mmoja, pole kwa hilo. Huko uendako watu watakupa vitu. Sitakuambia upokee au ukatae. Nakuomba tu usipime mkono wa mtu mwingine kwa mkono wangu.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kuitia barua hii kati ya nguo zako, uisome ukiwa Umeå, nyuma ya mito na misitu yote hiyo, mahali ambapo sauti yako hainifikii. Nimefika katikati nikajitambua. Ndivyo nifanyavyo siku zote, nangoja mwenyewe asiwepo. Kwa hiyo naiweka juu ya meza ya ukumbini, pale unapotupa funguo, na jina lako limeandikwa kwa herufi kubwa.

Isome umevaa koti ukitaka. Ukitaka kupiga kelele, piga, majirani watavumilia, wamevumilia kwaya yetu. Ukitaka kulala kwa mwenzako leo, nenda, nami asubuhi nitakuletea masanduku kituoni na sitafungua mdomo. Lakini ukiwa na swali, hata moja, hata baya, mimi niko jikoni, kwenye kile kiti kinachotazama mlango. Jambo lile nililifanya ukiwa shuleni. Hili nalifanya nikiwa hapa, nakungoja.

Mama yako